BRouter na mzunguko wa Kiserian, Isinya na Kitengela: ramani ya bure inayostahili muda wako

Nianze na hukumu yangu, asiye na nafasi ya kusoma yote asihangaike. Kwa mtu anayetaka kupanga mzunguko mrefu wa baiskeli ya barabarani kusini mwa Nairobi, kule Kajiado ambako vilima viko wazi na barabara unaiona ikipanda kabla hujaifikia, BRouter ni chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kutumia. Ni tovuti ya bure. Haikulazimishi ufungue akaunti, na ukimaliza kuchora njia yako unaondoka na faili lako mkononi. Ina upungufu pia, na nitautaja wote, kwa sababu huko ninakokusudia upungufu wa ramani unaweza kukuacha bila maji saa sita mchana.

Naishi Lang'ata. Kwa sisi wa upande huu kuna njia mbili za kwenda kutafuta vilima. Ya kwanza ni kupanda kwenda Kikuyu na Limuru, nchi ya mashamba na majani chai, ambako Chris Froome, bingwa wa Tour de France, alijifunza mchezo huu chini ya mwalimu wake David Kinjah. Vilima vya huko ni vikali, lakini vina huruma. Kuna miti, kuna kona zinazokukinga na upepo, vibanda vya chai havikosekani, na ukishindwa kabisa unapandisha baiskeli kwenye matatu unarudi nyumbani. Njia ya pili ni kuteremka kusini, na huko hakuna pa kujificha. Kilima kimoja kinakufungulia kingine, nyasi pande zote mbili, mbuzi barabarani, na jua juu ya mgongo. Napenda huko kuliko popote pengine. Lakini huko mpango mbaya unaulipia kwa miguu yako mwenyewe, kilomita baada ya kilomita, ndiyo maana sikubali kutoka bila ramani niliyoikagua.

Mzunguko wenyewe ni huu. Unaanzia Bomas, unafuata barabara ya Magadi hadi Ongata Rongai na Kiserian. Pale Kiserian huendelei na Magadi. Unakata kushoto kuingia barabara ambayo wengi tunaiita Pipeline, inayoshuka kusini-mashariki hadi Isinya. Isinya unakutana na barabara ya Namanga, unageuka kaskazini hadi Kitengela, kisha unarudi magharibi kupitia Tuala hadi Rongai. Kwa jumla ni kati ya kilomita 110 na 125, kutegemea utakavyokata pale Tuala. Watu huniuliza kwa nini nisiende Magadi moja kwa moja, kwa kuwa mandhari yake inasifiwa sana. Barabara ya lami ya Magadi inakupeleka ziwani, takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, kisha unarudi kwa njia ile ile, ukipanda ukuta mzima wa Bonde la Ufa kwenye joto. Ni safari nzuri, ila si mzunguko, na mimi nataka mzunguko: kila kilomita iwe mpya.

Ukifungua BRouter unaona ramani tupu na vitufe pembeni. Sura yake haivutii. Unachagua kwanza aina ya uendeshaji kwenye orodha iliyo juu. Kwa baiskeli ya barabarani ni ile inayoitwa fastbike, na kuna dada yake inayokwepa barabara zenye magari mengi. Kisha unabofya Bomas, unabofya Kiserian, na mstari unajichora wenyewe ukifuata barabara. Ukiukamata mstari kwa kipanya ukauvuta kuelekea Isinya, unajipanga upya papo hapo, na chini ya skrini mchoro wa miinuko unabadilika nao.

Mchoro huo wa miinuko ndio ulioniteka. Unapitisha kidole cha kipanya juu yake, na nukta inatembea kwenye ramani hapo hapo ulipo. Rangi zinabadilika kulingana na ukali wa mlima. Kwa hiyo ninaweza kuketi mezani usiku, chai pembeni, nikapita Pipeline yote kabla sijaikanyaga: hapa inashuka, hapa kuna korongo, hapa inapanda tena kwa muda mrefu, hapa kuna bega la kilima ambalo ukilifika utadhani umemaliza kumbe bado. Kutoka Kiserian hadi Isinya, kwa jumla, unashuka. Lakini mchoro unakuonyesha kuwa mteremko huo una meno, na ukiingia ukidhani utaserereka tu, utakuwa umemaliza nguvu kabla ya kuona barabara ya Namanga.

Kuhusu miinuko hiyo, kuna jambo ambalo kila mpenda vilima lazima alijue. Vipimo vya ardhi ambavyo ramani za aina hii huvitegemea asili yake kwa sehemu kubwa ni rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, kilichopima sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11. Data yake inayotumika sana imegawa ardhi katika miraba ya takriban mita 90 kila upande. Kwa mlima mkubwa kama Ngong, unaofika mita 2,460, hiyo inatosha kabisa. Kwa vilima vinavyopanda na kushuka kidogo kidogo, haitoshi. Kijibonde chembamba kinachokatiza barabara kinaweza kufunikwa na wastani wa mraba mmoja. Zaidi ya hapo, BRouter huchuja vijimuinuko vya mita chache ili makosa ya vipimo yasihesabiwe kuwa milima. Ni uamuzi wa busara, lakini matokeo yake ni kwamba kwenye nchi ya mawimbi kama Kajiado, jumla ya upandaji unayoiona kwenye skrini huelekea kuwa chini ya ile utakayoihisi mapajani. Mimi huichukulia namba hiyo kuwa kiwango cha chini, kisha nabeba chakula cha zaidi.

Sasa barabara zenyewe. BRouter haina ramani yake. Inasoma OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kawaida tangu 2004. Sisi Wanairobi tuna sababu ya kuijali ramani hiyo, maana ni humo ambamo vijana wa Map Kibera walianza kuichora mitaa yao mwaka 2009, wakati ramani nyingi zilikuwa zikiionyesha Kibera kama eneo tupu. Kila barabara humo ina alama zake: daraja lake, kama ni lami au udongo, kama ni laini au imechakaa. BRouter inazitafsiri alama hizo kuwa gharama. Kilomita moja ya lami nzuri inahesabiwa karibu na kilomita moja. Kilomita moja ya vumbi, kwa baiskeli ya matairi membamba, inahesabiwa kama nyingi zaidi, na mstari unaikwepa. Ukitaka kujua kwa nini imekupitisha mahali fulani, unafungua jedwali na kusoma kipande kwa kipande. Sijaona chombo kingine kinachojieleza wazi namna hii. Kuna programu moja ya kulipia ambayo iliwahi kuniingiza kwenye njia ya ng'ombe nikiwa na matairi ya milimita 25, nikaishia kusukuma baiskeli kwenye kokoto huku wachungaji wakinionea huruma. Programu hiyo haikunieleza popote kwa nini iliichagua njia ile. Kwa BRouter ningeisoma ile njia usiku wa kuamkia safari na kuikataa.

Penye alama pungufu, hata hivyo, BRouter inakisia kwa daraja la barabara. Hapo ndipo Tuala inapohitaji macho yako. Kutoka Kitengela kuelekea Rongai unapita kusini mwa Mbuga ya Nairobi, upande ule ambao mbuga haina uzio. Mpaka wake ni mto Mbagathi, na wanyama huvuka kwenda tambarare za Kitengela kama walivyofanya tangu kabla mbuga haijaanzishwa mwaka 1946. Ni sehemu nzuri mno ya kumalizia safari, na si ajabu kuwaona pundamilia. Lakini nilipopita kulikuwa bado na vipande vya vumbi, na kwenye ramani vipande vingine havikuwa na alama yoyote ya aina ya uso. Ushauri wangu: usiiamini rangi ya mstari pale. Fungua picha za setilaiti chini ya ramani, kuza hadi uone barabara yenyewe. Lami huonekana kijivu cheusi chenye kingo zilizonyooka. Vumbi ni jekundu au jeupe na kingo zake zimetawanyika. Kazi hiyo itakuchukua muda mfupi kuliko kuziba pancha moja.

Mwanzoni BRouter haitaki kupita Tuala. Inataka kukuvusha Kitengela, ikutoe Athi River, ikurudishe mjini kwa barabara ya Mombasa, kwa sababu kule ni lami tupu. Hapo utatumia kitu ninachokipenda sana, duara la marufuku. Unachora duara juu ya makutano ya Athi River, na BRouter inachukulia kuwa pale pamefungwa. Mstari unaruka wenyewe na kuingia Tuala. Mpanda baiskeli yeyote aliyewahi kubanwa na malori ya saruji kwenye barabara ya Mombasa ataelewa kwa nini duara hilo nililichora kabla ya kitu kingine chochote.

Malori hayo, BRouter haiyajui. Hata ile aina inayokwepa magari mengi inategemea zaidi daraja la barabara, si magari yaliyoko pale Jumamosi saa tatu asubuhi. Kipande cha Isinya hadi Kitengela ni barabara kuu ya kwenda mpakani Namanga, na hakuna njia nyingine ya lami ya kukikwepa. Shemeji wangu anakaa Kitengela na anaifahamu barabara hiyo kama ua wa nyumba yake. Nilimtumia mstari wangu kwa WhatsApp, kwa sababu anwani ya ukurasa wa BRouter hubeba njia yote ndani yake. Anayeibofya anaiona kama ulivyoichora, bila kujisajili. Akanipigia simu. "Shemeji, njia ni nzuri, lakini Isinya uwe umetoka kabla ya saa nne. Baadaye malori yanafuatana, na upepo unayasukuma upande wako." Nilimsikiliza, na mpango wangu wote sasa unahesabiwa kurudi nyuma kutoka saa nne ya Isinya: Kiserian kabla ya saa moja na nusu, Bomas kabla jua halijachomoza vizuri, wakati matatu za Rongai bado zinajaza abiria na barabara ya Magadi inapumua. Taa ya nyuma iwe inawaka tangu mlangoni kwako.

Upepo ndio upungufu mkubwa wa pili, na kwenye vilima wazi upepo ni mlima ambao hauchorwi. Mtu hajengi mitambo ya upepo mahali pasipo na upepo: kuna ile ya kampuni ya umeme ya KenGen juu ya vilima vya Ngong, na kuna Kipeto huku Kajiado, mitambo 60 yenye uwezo wa megawati 100, iliyoanza kuuza umeme mwaka 2021. Upepo wetu kwa kawaida hutoka mashariki, na huongezeka kadiri mchana unavyopanda. Kutoka Kiserian kwenda Isinya unaelekea kusini-mashariki, yaani unaukabili usoni. BRouter ina kitufe cha kugeuza njia, na nilikaa muda mrefu nikilinganisha pande zote mbili. Ukianzia Kitengela, unaukabili mlima mrefu wa kurudi Kiserian mchana, miguu imechoka, lakini upepo uko mgongoni. Ukianzia Kiserian, unaukabili upepo, lakini ni asubuhi na upepo wenyewe bado umelala, tena unashuka. Ukitoka Kitengela kurudi magharibi, upepo wa mchana unakusukuma nyumbani. Nilichagua ya pili na siibadilishi. Pale Isinya kuna mama anayeuza chai na mandazi karibu na makutano. Alinitazama nilivyofika, akaniwekea kikombe bila kuniuliza sukari. "Umefanya vizuri kuja mapema, mwanangu. Wanaofika hapa saa nane hata kuongea hawawezi."

Nimetaja chai, basi nimalize habari ya maji. BRouter inaweza kuonyesha vituo kama maduka, maji na vituo vya mafuta kama vimo kwenye OpenStreetMap. Kwa Rongai na Kiserian vimejaa. Kwa Pipeline ni vichache, na ukweli wa huko unakaribiana na ramani: ukitoka Kiserian jaza chupa zote, ubebe na ya tatu mfukoni nyuma ya jezi. Ndizi nunua Kiserian. Isinya kuna kila kitu. Matuta nayo ni suala la macho yako mwenyewe. Mengi hayamo kwenye ramani wala hayajapakwa rangi barabarani, na huwa yanakungoja penye shule na masoko mwishoni mwa mteremko. Punguza mwendo ukiona watoto wa sare au meza za nyanya.

Kwa upande wa simu, kuna BRouter ya Android inayofanya kazi bila bando, ikishirikiana na programu za ramani kama OsmAnd na Locus. Dunia imegawanywa katika vipande vya digrii tano kwa tano, na bahati yetu ni kubwa: kipande kimoja tu, kinachoitwa E35_S5, kinaanzia ikweta kushuka kusini, kinaibeba Nairobi, Kajiado yote, Namanga, Arusha na Moshi, na kinafika hadi Mombasa. Ukikipakua nyumbani kwenye Wi-Fi umemaliza. Mimi hupakua pia faili la GPX, yaani faili linalobeba mstari wa njia, na kuliingiza kwenye kikompyuta cha usukani, kwa sababu skrini ya simu kwenye jua la Kajiado haisomeki, na betri yake naihifadhi kwa dharura. Kwa iPhone habari si nzuri vile. Utatumia tovuti kuchora, kisha GPX upeleke kwenye programu nyingine ya kukuongoza.

Nani asiitumie? Mtu anayetaka kubofya mara moja na kuambiwa "nenda huku" ataichoka haraka. Asiyejua kusoma mchoro wa miinuko atahitaji jioni moja au mbili za kuzoea. Haikuonyeshi wenzako wanapita wapi, haina picha za mandhari, haikupongezi ukifika. Lakini aliye tayari kukaa nayo, akavuta mstari, akasoma jedwali, akachora duara la marufuku, atatoka na njia anayoijua kabla ya kuipanda. Nyota tano naipa BRouter kwa kuchora, nne kwa miinuko, na kwa upepo na malori usiiombe kitu.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Ukirudi kutoka safari na umeona kipande ambacho ramani haijui kama ni lami au vumbi, fungua akaunti ya OpenStreetMap uongeze alama hiyo mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache: unabofya barabara, unachagua aina ya uso, unahifadhi. Mimi nimefanya hivyo kwa vipande nilivyovipita upande wa Tuala. BRouter haisomi mabadiliko papo hapo, kwa kuwa hutumia faili zinazotayarishwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo kama una wenzako watakaopita njia hiyo wikendi ijayo, weka alama zako Jumatatu, usingoje Ijumaa usiku.